Windows 10 imefika kikomo: Mwenye tarakilishi Kitui na Makueni afanyeje?

MSAFIRI anayeshuka kwenye matatu mjini Wote, Kibwezi, Kitui au Mwingi hatembei hatua nyingi kabla ya kuona kibao chenye neno saiba. Ndani ya vibanda hivyo wananchi hujaza fomu za kodi za iTax, huomba cheti cha tabia njema kupitia eCitizen, nao vijana waliomaliza kidato cha nne huchagua kozi katika tovuti ya KUCCPS. Nambari za vitambulisho, nywila na nakala za vyeti hupitia mashine hizo tangu asubuhi hadi maduka yanapofungwa.

Ni wachache wanaojiuliza mashine hizo zinaendeshwa na nini. Hata hivyo, tangu Oktoba 14, 2025, swali hilo limekuwa na uzito. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi ambao ilikuwa imeuzindua Julai 29, 2015.

Tangu hapo wenye saiba, walimu wakuu, makarani wa vyama vya akiba na mikopo pamoja na wazazi wamekuwa wakipokea ushauri unaogongana. Mmoja huambiwa anunue mashine mpya mara moja. Mwingine huambiwa amwite fundi mwenye flashi, na mambo yote yatakwisha kwa nusu saa. Wa tatu huambiwa apuuze, kwani mashine yake bado inawaka.

Ukweli ni kwamba hakuna toleo moja linalomfaa kila mtu. Mashine uliyo nayo na kazi unayoifanya ndizo zinazopaswa kukuchagulia, wala si upya wa toleo lenyewe. Na lolote utakaloamua, kuna jambo moja la kutangulizwa: kuokoa faili zako kabla ya mkono wa mtu yeyote kugusa mfumo.

KUFIKA KIKOMO MAANA YAKE NINI?

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoiamsha tarakilishi, kuziongoza sehemu zake na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Toleo linapofika kikomo, mashine haizimiki. Barua zitaandikwa, printa itachapisha, na video zitachezwa kama kawaida.

Kinachokoma ni viraka vya usalama. Kila mwezi wahandisi hugundua nyufa katika mfumo na kuziziba kwa masasisho yanayotumwa kupitia intaneti. Toleo lililofika kikomo ni kama ghala la ndengu ambalo mwenyewe ameacha kuziba matundu. Panya hawaingii siku ya kwanza, lakini kila tundu jipya litabaki wazi, na habari zake zitaenea.

Mfano wa wazi ulionekana Mei 2017. Programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilienea duniani kwa muda wa siku chache, ikifunga faili za watu na kudai kikombozi. Nchini Uingereza, hospitali za umma zililazimika kuahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba ufa huo tangu Machi mwaka huo. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wamekisakinisha, wakiwemo waliotumia matoleo yaliyokwisha muda.

Hasara ya pili huja polepole. Watengenezaji wa programu nyingine nao huyatupa mkono matoleo ya zamani. Kivinjari cha Chrome, kwa mfano, kiliacha kupata matoleo mapya kwenye Windows 7 mapema 2023. Saiba ambayo kivinjari chake hakiwezi tena kufungua tovuti za serikali haina biashara.

Ya tatu ni ya kisheria. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayeshughulikia habari za kibinafsi za watu kuchukua hatua za kuzilinda. Afisi ya Kamishna wa Data inaweza kutoza faini ya hadi Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka ya biashara husika, kutegemea kiasi kilicho kidogo. Nakala za vitambulisho zilizosahaulika kwenye diski ya saiba zimo katika jukumu hilo.

SI MARA YA KWANZA

Wasomaji wa umri wetu watakumbuka kwamba njia hii imepitwa. Windows XP, iliyotoka 2001, ilikomeshwa Aprili 8, 2014. Windows 7, iliyotoka 2009, ilifuata Januari 14, 2020. Kila mara kulikuwa na waliokimbilia jipya bila kupima na waliong'ang'ania la zamani hadi likawaangusha.

Tofauti ya safari hii ni kwamba Windows 11, iliyozinduliwa Oktoba 5, 2021, ina masharti makali kuliko yaliyotangulia. Mashine inapaswa kuwa na prosesa ya biti 64 iliyo katika orodha iliyoidhinishwa, kumbukumbu ya RAM isiyopungua gigabaiti 4, na diski ya gigabaiti 64 au zaidi. Isitoshe, sharti iwe na chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, na uwezo wa kuthibitisha inapowaka kwamba mfumo wake haujachezewa.

Kwa lugha nyepesi, tarakilishi nyingi zenye prosesa za Intel zilizotengenezwa kabla ya kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa 2017, haziruhusiwi. Hapo ndipo tatizo linapowafikia wakazi wa Kitui na Makueni. Vipakatalishi vinavyoletwa kutoka Nairobi vikiwa vimetumika Ulaya, pamoja na mashine za shule zilizopatikana kwa ufadhili, mara nyingi ni vya umri huo. Vinafanya kazi vyema, ila vimefungiwa mlango.

KAGUA MASHINE KWANZA

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, fahamu unacho nini. Kwenye Windows 10, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha ubonyeze Enter. Utaona jina la prosesa, kiasi cha RAM na aina ya mfumo. Rudia vivyo hivyo ukiandika tpm.msc, nawe utaonyeshwa kama chipu ya usalama ipo na ni ya toleo gani.

Iwapo utaambiwa kwamba chipu haionekani, usikate tamaa mara moja. Kwenye baadhi ya mashine ipo lakini imezimwa katika mipangilio ya ndani inayofunguliwa tarakilishi inapowaka. Fundi mwaminifu anaweza kuiwasha kwa dakika chache.

Microsoft pia hutoa bila malipo programu iitwayo PC Health Check inayokagua masharti yote na kutoa jibu la ndiyo au la. Ukisha kukagua, utajikuta katika moja ya njia nne zifuatazo.

NJIA YA KWANZA: WINDOWS 11

Ikiwa mashine imetimiza masharti na Windows 10 iliyomo ni halali, kupanda hadi Windows 11 hakulipiwi. Sasisho hupatikana katika sehemu ya Windows Update kwenye mipangilio. Faili na programu nyingi hubaki mahali pake.

Fahamu kwamba hata Windows 11 ina matoleo ndani yake. Yanayotumiwa nyumbani na katika biashara ndogo huhudumiwa kwa miezi 24 tu. Toleo la 23H2, kwa mfano, lilikoma kwa watumiaji hao Novemba 11, 2025, ilhali la 25H2 lilitoka Septemba 30, 2025. Kwa hivyo anayeletewa flashi na fundi aulize ni toleo lipi, kwani huenda akawekewa lililokwisha muda tayari.

Kuhusu gigabaiti 4 za RAM, hicho ni kiwango cha chini cha kuingilia tu. Karani anayefungua kivinjari, lahajedwali na programu ya hesabu kwa wakati mmoja atateseka. Gigabaiti 8 na diski ya SSD ndizo zinazoleta nafuu, na aghalabu kuongeza vitu hivyo viwili hugharimu kiasi kidogo kuliko kununua mashine nyingine.

Wapo mafundi wanaojua kuyapita masharti hayo na kuiweka Windows 11 kwenye mashine isiyoruhusiwa. Inawezekana, na mara nyingi hufanya kazi. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine kama hizo hazina hakika ya kupata masasisho. Atakayefuata njia hiyo huenda akajikuta palepale alipokuwa akipatoroka.

NJIA YA PILI: KUONGEZA MUDA

Kwa watu binafsi, Microsoft iliweka mpango wa kuendelea kupokea viraka vya Windows 10 hadi Oktoba 13, 2026. Mtu angeweza kujiunga bila malipo kwa kuoanisha mipangilio yake na akaunti ya Microsoft, au kwa kulipa dola 30 za Marekani, ambazo ni karibu Sh3,900.

Mashirika yaliwekewa bei ya dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, bei inayoongezeka maradufu kila mwaka kwa muda usiozidi miaka mitatu. Taasisi za elimu zinazostahiki zilipewa bei nafuu mno: dola moja mwaka wa kwanza, mbili wa pili na nne wa tatu. Mwalimu mkuu mwenye maabara ya tarakilishi 20 hana budi kuulizia bei hiyo kwa wauzaji walioidhinishwa kabla ya kuiomba bodi ya shule fedha za mashine mpya.

Njia hii haimalizi tatizo. Humpa mtu nafasi ya kupanga bajeti, kama mkulima anayehifadhi chakula akingojea mvua za Novemba.

NJIA YA TATU: LINUX

Linux ilianzishwa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland. Hailipiwi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuinakili na kuisambaza. Kwa mashine iliyofungiwa mlango na Windows 11, hii ndiyo njia halali ya kuendelea kupata viraka bila kununua kitu.

Kuna aina nyingi. Mbili zinazomfaa anayeanza ni Ubuntu na Linux Mint. Ubuntu ilitoka mara ya kwanza Oktoba 2004, ikianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake lina maana ya utu, na Mkamba anayesema mundu ataisikia asili hiyo moja. Wala Waswahili hawakuachwa nyuma: mwaka huohuo wa 2004, wataalamu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya afisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Hapa napo ni lazima kuchagua toleo kwa makini. Nambari za Ubuntu huonyesha mwaka na mwezi, hivi kwamba 24.04 ni toleo la Aprili 2024. Yale yenye alama ya LTS huhudumiwa kwa miaka mitano, ilhali mengine huhudumiwa kwa miezi tisa pekee. Mwenye saiba asishawishike na lililo jipya kabisa. Achukue la LTS. Linux Mint 22, iliyotoka Julai 2024, itahudumiwa hadi 2029.

Mint hukubali mashine yenye RAM ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni bora. Kwa mashine kongwe, aina yake iitwayo Xfce ni nyepesi zaidi.

Uzuri mwingine ni kwamba Linux hujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski. Itumie kwa siku moja. Je, printa inachapisha? Wi-Fi inashika? Skana inafanya kazi? Tovuti za eCitizen, HELB na KUCCPS hufunguliwa kwa kivinjari, hivyo hazibagui mfumo.

Penye ugumu ni kwenye programu zilizoandikwa kwa ajili ya Windows pekee. Fomu za kodi ambazo KRA hutoa kwa muundo wa Excel zina makro ndani yake, na huenda zisifanye kazi sawasawa katika LibreOffice. Baadhi ya programu za hesabu na za kutoa ripoti za wanafunzi pia hazifanyi kazi kwenye Linux. Afisi inayozitegemea inaweza kubakisha mashine moja yenye Windows na kuziweka nyingine Linux.

NJIA YA NNE: KUITENGA AU KUNUNUA NYINGINE

Mashine ambayo haiwezi kupanda na ambayo programu yake haipatikani kwingine inaweza kuendelea kutumika ikiwa imetengwa na intaneti. Inaweza kuchapisha mitihani au kufundishia wanafunzi kuandika. Hata hivyo, flashi nazo hubeba virusi, kwa hivyo mashine hiyo isikabidhiwe rekodi za siri.

Anayeamua kununua iliyotumika asiangalie rangi na wembamba. Aulize kizazi cha prosesa, na muuzaji aiwashe mbele yake na kuonyesha kwamba Windows 11 iliyomo imeidhinishwa. Kibandiko kilicho nje si ushahidi.

TAHADHARI KABLA YA HATARI

Hasara kubwa katika shughuli hii mara nyingi haisababishwi na toleo lililochaguliwa. Husababishwa na haraka. Karani huiacha mashine kwa fundi, diski husafishwa, na daftari la karo la miaka sita hutoweka. Hapo hakuna Windows wala Linux itakayolirudisha.

Tengeneza nakala mbili za faili zote: moja kwenye diski ya nje, na nyingine mahali tofauti, ama kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwenye diski iliyo katika jengo jingine. Kumbuka picha, faili zilizo kwenye eneokazi, barua pepe zilizohifadhiwa na nywila zilizo ndani ya kivinjari. Kwa programu ya hesabu, tumia njia yake yenyewe ya kutoa nakala. Kisha zifungue nakala hizo kwenye mashine nyingine. Nakala isiyojaribiwa ni ahadi tu.

Pili, fikiria bando. Windows 11 huzidi gigabaiti 5 na Linux Mint hukaribia 3. Kaunti ya Kitui ina eneo la zaidi ya kilomita mraba 30,000, na intaneti ya Mutomo au Zombe si ya Kitui mjini. Hakuna haja ya kila mwalimu kupakua peke yake. Mmoja apakue mahali penye mtandao wa kasi, kutoka tovuti rasmi, na flashi moja ya gigabaiti 8 au zaidi itumike kwa mashine nyingi.

Tatu, umeme. Ukikatika mfumo ukiwa katikati ya kusakinishwa, mashine huenda isiwake tena. Kipakatalishi kiwe na betri iliyojaa na kiwe kimechomekwa. Tarakilishi ya mezani iwe kwenye UPS. Anza asubuhi, wala usianze siku yenye mawingu ya radi.

Nne, akaunti. Windows 11 hudai akaunti ya Microsoft wakati wa kusakinishwa, na tangu toleo la 24H2 huweza kuifunga diski kwa fumbo bila mwenyewe kutambua. Ufunguo wa fumbo hilo huhifadhiwa katika akaunti iliyotumika. Fundi akitumia anwani yake mwenyewe ili kuharakisha kazi, ufunguo wa rekodi za shule utakuwa mikononi mwake, na siku mashine itakapouomba huenda asipatikane. Tumia anwani ya taasisi, na uandike ufunguo huo kwenye karatasi na kuuweka kwenye kabati lenye kufuli.

Tano, jihadhari na nakala za wizi. Programu ndogo zinazovunja kufuli la Windows huomba kwanza uzime kinga ya virusi, nawe hujui kinachoingia mlango ukiwa wazi. Ni kosa pia chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Saiba inayopitisha nywila za wateja wake kwenye mfumo wa namna hiyo inawaweka rehani bila wao kujua.

NANI ACHAGUE NINI?

Mwenye saiba ambaye kazi yake karibu yote hufanyika ndani ya kivinjari anaweza kuziweka mashine zake kongwe Linux na kubakisha moja ya Windows 11 kwa fomu zenye makro. Shule yenye maabara ijaribu mashine moja kwa muhula mzima kabla ya kuzigusa nyingine. Chama cha akiba na mikopo kimuulize kwanza mtengenezaji wa programu yake ni mifumo gani anayoihudumia, kisha kifuate jibu hilo. Mwanafunzi mwenye kipakatalishi kimoja akague masharti. Akiyatimiza apande Windows 11, asipoyatimiza ajaribu Mint kwa flashi.

Anayehitaji msaada asione haya kuuliza. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilicho Kwa Vonza kina wanafunzi wa sayansi ya tarakilishi, na vyuo vya kiufundi vimo katika kaunti zote mbili. Kijana aliyefunzwa vyema wa hapohapo nyumbani, atakayepatikana kesho mambo yakiharibika, ni bora kuliko fundi wa mbali aletaye flashi na kutoweka nayo.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mbacha uliotoboka nao haulaliwi kwa sababu tu tumeuzoea. Ukague, uhifadhi kilicho juu yake, kisha uamue kama utaushona au utaubadilisha.